Jani na Ua: Historia ya Kutambuliwa kwa Primula meadia

Katika misitu yenye unyevu na nyanda za nyasi za mashariki na katikati ya Marekani, kuanzia Pennsylvania hadi Wisconsin na kushuka kusini hadi Georgia na Texas, huota mmea mdogo wa asili ambao huchanua kati ya Aprili na Juni, kisha hunyauka na kutoweka juu ya ardhi kabla ya kiangazi kufika katikati. Wenyeji wa huko huuita kwa jina la kimondo, kwa sababu petali za ua lake zimekunjwa nyuma na ncha yake huelekea chini kama kitu kinachoanguka kwa kasi. Wataalamu wengi wa mimea kwa sasa huuandika Primula meadia, ingawa kwa zaidi ya miaka 250 vitabu vyao viliuita Dodecatheon meadia. Kubadilika huko kwa jina si jambo dogo la makarani wa sayansi, kwani nyuma yake kuna swali ambalo kila kizazi cha wachunguzi kililazimika kulijibu upya: anayetaka kuutambua mmea na kuujua ukoo wake autazame kwa sehemu gani, na sehemu mbili zikitoa ushahidi unaopingana, ipi iaminiwe?

Anayeutafuta mmea huu porini huanza na majani, ambayo yote hutoka shinani na kujipanga duara karibu na ardhi, mpangilio unaoitwa rozeti. Ni marefu kuliko upana wake, ni laini, hayana manyoya, na mara nyingi sehemu ya chini ya jani, pale linapokutana na shina fupi lililofichika udongoni, huwa na wekundu unaoonekana wazi. Katikati ya rozeti huinuka bua moja lisilo na jani hata moja, lenye urefu wa kati ya sentimita 20 na 50, na kileleni mwake vikonyo kadhaa hutoka mahali pamoja na kupinda, hivyo kila ua huning'inia likitazama chini. Ua lina petali 5 za rangi nyeupe, ya waridi au ya zambarau hafifu, zilizogeuzwa nyuma kabisa na kuziacha wazi stameni 5, yaani viungo vya kiume vinavyobeba chavua, ambavyo vimebanana pamoja na kufanya mdomo mmoja mwembamba uliochongoka. Ua likishachavushwa, kikonyo chake hujinyoosha siku baada ya siku, hadi kile kilichokuwa kimeinama kinakuwa kibumba cha mbegu kilichosimama wima. Kibumba hicho hupasuka kileleni tu, hivyo mbegu hazimwagiki zenyewe bali husubiri upepo au mnyama autikise mmea.

Katika eneo lake, mmea huu ukiwa na maua hauwezi kuchanganywa na mwingine wowote isipokuwa ndugu zake wa karibu, ambao watazungumziwa baadaye. Upekee huo wa ua ndio uliowavutia Wazungu wa kwanza walioukusanya, na ndio huohuo uliokuja kuwapoteza waliowafuata.

Mtu wa kwanza anayejulikana kuupeleka mmea huu Ulaya ni John Banister, kasisi wa Kanisa la Anglikana aliyesomea Oxford na kufika Virginia mwaka 1678. Banister alikuwa akitumwa na kuungwa mkono na Henry Compton, Askofu wa London, ambaye katika makazi yake ya Fulham alikuza bustani iliyosifika kwa mimea ya ng'ambo, na katika miaka ya 1680 kasisi huyo alimpelekea mbegu, mimea iliyokaushwa na michoro aliyoichora kwa mkono wake. Orodha yake ya mimea ya Virginia ilichapishwa na John Ray mwaka 1688, na ingekuwa msingi wa kitabu kikubwa kama asingeuawa mwaka 1692, akiwa safarini kukusanya mimea, kwa risasi iliyofyatuliwa kwa bahati mbaya. Kazi yake ilitawanyika mikononi mwa wengine, na mmoja wao, tabibu Leonard Plukenet wa London, ndiye aliyeuchapisha mmea huu kwa jina refu la Kilatini, kama ilivyokuwa desturi kabla ya mfumo wa majina mawili.

Jina hilo linastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa lilikuwa maelezo kamili yaliyopangwa kwa hatua. Kwanza liliuweka mmea katika kundi la sikio la dubu, ambalo ni ua la milima ya Alps lenye rozeti ya majani manene na bua lisilo na majani. Kisha likaongeza kwamba ni aina ya Virginia. Mwisho likasema kwamba maua yake yana mdomo kama ya gugu la bustani liitwalo boraji, na petali zilizopinda nyuma kama za siklameni. Kwa maneno mengine, waliolitunga waliuona ukoo wa mmea katika majani na bua, na wakayachukulia maajabu ya ua kuwa ziada ya kuutofautisha na ndugu zake. Hawakuwa na nadharia yoyote ya mageuko ya viumbe. Walikuwa na macho yaliyozoea kushika mimea mibichi mikononi, na uamuzi wao ulikuwa sahihi kwa kiwango ambacho sayansi ilihitaji miaka zaidi ya 300 kukithibitisha.

Compton alipofariki mwaka 1713 bustani yake haikutunzwa tena kwa bidii ileile, na mmea ukapotea katika bustani za Uingereza kwa muda. Uliingia tena katika miaka ya 1740 kwa njia ya biashara na urafiki uliokuwa ukivuka bahari ya Atlantiki kati ya John Bartram, mkulima wa karibu na Philadelphia aliyejifunza elimu ya mimea kwa juhudi zake mwenyewe, na Peter Collinson, mfanyabiashara wa vitambaa wa London aliyepokea mbegu zake na kuzigawa kwa wapenzi wa bustani. Mmea uliochanua katika bustani ya Collinson huko Peckham ndio uliomfikia Mark Catesby, msanii na mwanahistoria wa viumbe aliyekuwa akimalizia kitabu chake kikubwa kuhusu viumbe vya Carolina, Florida na visiwa vya Bahama. Katika nyongeza ya kitabu hicho, iliyotoka mwaka 1747, Catesby aliuchora mmea huu pamoja na ndege wa nyikani wa jamii ya kwale, ambaye kizazi chake cha pwani ya mashariki kilitoweka kabisa duniani mwaka 1932. Mmea aliupa jina jipya la Meadia, kwa heshima ya Richard Mead, tabibu maarufu wa London aliyemtibu hata mfalme na ambaye alikuwa miongoni mwa waliosaidia kazi ya Catesby.

Hapo ndipo alipoingia Carl Linnaeus, Mswidi ambaye tangu mwaka 1737 alikuwa ameweka kanuni kali za kutoa majina, mojawapo ikiwa kwamba jenasi, yaani kundi la spishi zenye udugu wa karibu, isipewe jina la mtu ila awe ameitumikia elimu ya mimea yenyewe. Mead alikuwa tabibu, mkusanyaji wa vitabu na mfadhili, lakini kwa kipimo cha Linnaeus hakuwa mtaalamu wa mimea, hivyo katika kitabu cha mwaka 1753, ambacho ndicho kianzio rasmi cha majina ya kisayansi ya mimea, Linnaeus aliliondoa jina hilo katika nafasi ya jenasi na kulishusha hadi nafasi ya spishi. Nafasi ya juu aliijaza kwa Dodecatheon, jina la kale alilolikuta kwa Plinio, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1, ambaye alieleza juu ya mmea wa tiba ya kila ugonjwa uliosemwa kuwa chini ya ulinzi wa miungu 12. Mmea wa Plinio ulikuwa wa nchi za Bahari ya Kati na haukuwa na uhusiano wowote na wa Virginia, lakini Linnaeus alikuwa na mazoea ya kuyachukua majina ya kale yasiyo na mwenyewe na kuyavika mimea mipya. Kwa uamuzi huo mmoja alimnyima Mead heshima kubwa, akamwachia ndogo, na, jambo lenye uzito zaidi, akautoa mmea katika nyumba ya sikio la dubu na kuujengea nyumba yake peke yake.

Haimpasi msomaji kumlaumu Linnaeus kupita kiasi. Mfumo wake ulihesabu stameni na viungo vya kike vya ua, na kwa hesabu hiyo Dodecatheon, Primula (jenasi yenye sikio la dubu) na siklameni zilikaa jirani katika kitabu chake, zote zikiwa na stameni 5 na kiungo kimoja cha kike. Ujirani huo aliuona. Alichokataa ni udugu wa nyumba moja, kwa sababu ua lenye petali zilizogeuka na stameni zilizobanana lilionekana mbali mno na ua la Primula, ambalo lina mrija mwembamba na petali zilizotandazwa juu yake. Waliomfuata katika karne mbili zilizofuata walikubaliana naye karibu wote, na kadiri wachunguzi walivyosonga magharibi hadi milima ya Rocky na pwani ya Pasifiki walizidi kuongeza spishi mpya chini ya jina hilo, zikiwemo zile zinazofika Alaska na kuvuka hadi Siberia ya mashariki.

Ili kuelewa ni kwa nini ua liliwapoteza watu wenye ujuzi mkubwa namna hiyo, ni lazima kueleza kazi linayofanya. Ua hili halina nekta. Kinachomvuta mdudu ni chavua peke yake, ambayo mmea huifungia ndani ya vifuko virefu vya stameni na kuiachia kupitia nchani tu. Nyuki wakubwa wenye manyoya wa jenasi Bombus, hasa malkia wanaotoka kwenye usingizi wa majira ya baridi wakati uleule ua linapochanua, huning'inia kwenye mdomo wa ua, huushika kwa taya zao, kisha hutetemesha misuli ya kifua mara mamia kadhaa kwa sekunde bila kupiga mabawa, na chavua humwagika tumboni mwao kama unga unaopepetwa. Nyuki wa asali, ambao Wazungu waliwaingiza Amerika Kaskazini katika karne ya 17, hawana uwezo wa kutetemesha hivyo, kwa hiyo hawalifai ua hili hata wakilitembelea.

Utaratibu huohuo unafanyika kila siku katika mashamba ya Afrika Mashariki. Nyanya, bilinganya na mnavu zina stameni zilizobanana kufanya koni inayofunguka nchani, na nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao za nyumba huzichavusha kwa mtetemo wa namna hiyo. Nyanya na ua la kimondo si ndugu hata kidogo; vivyo hivyo boraji, ambayo Plukenet aliitaja katika jina lake. Mimea ya koo mbalimbali imefikia umbo linalokaribiana kwa sababu imekabiliwa na nyuki wenye tabia ileile, na hilo linaonyesha jinsi umbo la ua linavyoweza kubadilika haraka kwa kumfuata mchavushaji, ilhali jani, ambalo halina mgeni wa kumpendeza, hubaki likifanana na majani ya ukoo wake.

Ushahidi wa mwisho ulitoka kwenye vinasaba, yaani maandishi ya kikemikali yanayorithiwa ndani ya kila chembe hai. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Austin Mast na wenzake walilinganisha vinasaba vya Primula na jamaa zake, wakakuta kwamba Dodecatheon si tawi lililojitenga nje ya Primula bali ni chipukizi lililoota ndani yake, tena ndani ya sehemu ileile yenye sikio la dubu la milima ya Alps. Ukoo wa Primula kwa kawaida una maua ya aina mbili katika spishi moja, mengine yenye kiungo cha kike kirefu na mengine yenye kifupi, jambo ambalo Charles Darwin alilieleza katika makala yake ya mwaka 1862 kuwa ni njia ya kuhakikisha chavua inatoka mmea mmoja kwenda mwingine. Mababu wa ua la kimondo waliiacha njia hiyo walipoelekea kwenye uchavushaji wa mtetemo. Mwaka 2007 Mast na James Reveal walihamisha spishi zote za Dodecatheon kwenda Primula, na kwa kuwa kanuni za majina hulinda neno la spishi hata jenasi inapobadilika, jina la tabibu Mead lilivuka salama.

Wapo waliolipinga badiliko hilo, na baadhi ya vitabu vya mimea na wauzaji wa mbegu bado hutumia jina la Linnaeus kwa sababu ya mazoea na kwa sababu ua lenyewe linajitangaza kuwa tofauti. Hoja yao inaeleweka, lakini haina nguvu ya kutosha, maana kuwatenga wajukuu walio ndani ya ukoo kwa sababu tu wamebadili mavazi ni kuuandika ukoo huo kwa uongo. Historia ya namna hiyo imetokea pia kwa mmea wa misitu yenye unyevu ya Usambara, ambao mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen akaufanya jenasi mpya kwa jina la Saintpaulia, kwa kuwa ua lake bapa lenye stameni za njano halikufanana na maua yenye mrija ya jamaa zake. Vinasaba vilionyesha kwamba nao umeota ndani ya ukoo mwingine wa Kiafrika, Streptocarpus, na mwaka 2015 ukahamishiwa huko, ingawa wauza maua duniani kote wangali wakiuuza kwa jina la zamani.

Ua likishaondolewa katika cheo chake cha kuamua ukoo, ugumu uliobaki ni wa kutofautisha ndugu walio jirani, na hapa tena ua si msaada mkubwa. Kwenye miamba ya chokaa na miteremko ya kingo za mto Mississippi, hasa Wisconsin na majimbo ya jirani, huota mmea wa rangi ya zambarau iliyokolea ambao Norman Fassett wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliubainisha karibu na mwaka 1930. Rangi peke yake haitoshi, kwa kuwa Primula meadia nayo hutofautiana kutoka nyeupe hadi zambarau; kipimo cha kuaminika ni kibumba cha mbegu, ambacho katika mmea wa Fassett kina ukuta mwembamba unaobonyea kwa kidole gumba, na katika Primula meadia kina ukuta mnene, mgumu kama ubao. Hivyo anayetaka uhakika hana budi kurudi mahali palepale baada ya maua kupukutika. Jina alilotumia Fassett halikuweza kuhamishiwa Primula, kwani neno lake la spishi lilikwisha kutumika kwa Primula ya Uchina, na ndiyo sababu mmea huo sasa unaitwa Primula fassettii kwa heshima yake.

Ndugu wa pili ni Primula frenchii, aliyepewa jina la George Hazen French, mwalimu wa Carbondale kusini mwa Illinois. Mmea huu hukaa chini ya majabali ya mawe ya mchanga yaliyojitokeza kama paa, kwenye mchanga wenye kivuli na unyevu ambako mvua haipigi moja kwa moja, na hauingii kwenye nyanda za nyasi. Alama yake iko kwenye jani, ambalo bapa lake hupungua ghafla na kuwa kikonyo, wakati jani la Primula meadia hupungua taratibu. Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba tofauti hiyo inasababishwa na kivuli tu, hadi uchunguzi wa kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, ulipoonyesha kwamba Primula meadia ina kromosomu 88 na Primula frenchii 44; wawili hao wametenganishwa ndani ya chembe zao, na jani lilikuwa limekwisha kulisema hilo kabla ya hadubini.

Utambuzi huu ulipata uzito mwingine kwa sababu makazi ya mmea yaliharibiwa kwa kasi ambayo ni vigumu kuieleza. Nyanda za nyasi ndefu, ziitwazo prerii, zilidumishwa kwa maelfu ya miaka na ukame wa vipindi, wanyama walao nyasi na moto uliowashwa na mataifa ya asili, wakiwemo Wapotawatomi na Waho-Chunk, na moto huo wa vipindi visivyo vya ukuaji haukuudhuru mmea ambao tayari ulikuwa umelala chini ya ardhi. Baada ya watu hao kuondolewa kwa nguvu na mikataba ya shinikizo, na baada ya John Deere kutengeneza plau ya chuma cha pua mwaka 1837 huko Grand Detour, Illinois, ambayo udongo mzito wa prerii haukuweza kuing'ang'ania, ardhi iligeuzwa kuwa mashamba ndani ya maisha ya mtu mmoja. Illinois ilikuwa na takriban hekta milioni 9 za prerii mwanzoni mwa karne ya 19. Ukaguzi wa maeneo ya asili uliofanywa katika jimbo hilo kati ya mwaka 1975 na 1978 ulikuta chini ya hekta 1,000 zenye ubora wa asili.

Vipande vilivyosalia vilipatikana kandokando ya reli na katika makaburi ya walowezi wa kwanza, ambako plau haikuruhusiwa kupita. Robert Betz, mtaalamu wa bayokemia wa Chicago, alitumia miaka mingi akiyatembelea makaburi hayo na kuwashawishi wasimamizi wake waache kufyeka nyasi na waruhusu moto wa kudhibitiwa, na kuanzia mwaka 1975 aliongoza kazi ya kurudisha prerii katika eneo la maabara ya Fermilab. Kabla yake, Chuo Kikuu cha Wisconsin kilikuwa kimeanza jaribio kama hilo huko Madison katikati ya miaka ya 1930, kwenye uwanja ambao sasa una jina la mtaalamu wa mimea John Curtis.

Katika kazi ya namna hiyo, ua la kimondo ni mmea unaodai subira. Mbegu yake haioti mpaka ipitie miezi ya baridi yenye unyevu. Katika mwaka wa kwanza mche hutoa majani ya mbegu tu kisha hulala, na miaka kadhaa hupita kabla ya bua la kwanza la maua kuinuka. Muda huo wote anayepanda hana ua la kumhakikishia kwamba alichokiotesha ndicho alichokusudia, wala kibumba cha kubonyeza kwa kidole, na ifikapo Julai hata rozeti imekwisha kutoweka. Kwa hiyo uhesabuji wa miche hauna budi kufanyika Aprili na Mei, nyasi zikiwa bado fupi, kwa kupiga magoti na kuangalia jani moja moja: kama ni laini, kama linapungua taratibu kuelekea shinani, na kama pale linapoingia udongoni kuna wekundu.